Fungu la Faizal

Faizal, mpiga ngoma, alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabara baina ya Olumbi na Mute, mchana kweupe, akiwa na nyuzi mpya za gitaa mfukoni na samaki wawili wa kukaanga kwenye karatasi. Waliomchukua walivaa sare. Abiria wenzake waliona. Gari liliruhusiwa kuendelea, likaendelea, na abiria waliposhuka kila mmoja alikuwa na shughuli zake.

Mkewe, Wahida, alikwenda kuuliza. Huko Olumbi karani alimwambia kwamba siku hizi hata watu wa msituni, wale wanaopigana na serikali, huvaa sare, kwa hiyo mumewe atakuwa amekwenda nao.

"Amekwenda, au amepelekwa?" Wahida aliuliza.

"Sisi tunaandika amekwenda," karani alisema.

Palma, mji wa wilaya, wakamwambia vilevile, ila huko walimpa kiti. Alirudi Mute, kwa mama mkwe wake, Bi Zubaida, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Bi Zubaida alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wale samaki waliliwa na nani. Hilo pia hakuna aliyejua.

Bendi aliyopigia Faizal ina jina refu la Kireno kwenye kibali, lakini tangu Quionga hadi Mute hakuna anayelitumia. Watu huiita Haina Haraka. Ossufo, mtu wa Quionga, alipiga gitaa na ndiye aliyekuwa kiongozi. Lázaro, Mmakonde aliyeshuka kutoka uwanda wa juu akaoa pwani, alipiga besi. Gildo alipiga kinanda na hasemi. Faizal alipiga ngoma tatu: chapuo mkono wa kushoto, msondo katikati, vumi mkono wa kulia.

Wimbo wao mkubwa ni "Ongeza Maji." Una ubeti mmoja tu, wa mgeni aliyeingia chungu kikiwa kimeshaiva, na mwenye nyumba anamwambia mkewe aongeze maji kwenye mchuzi. Ubeti ukishaimbwa, hakuna anayeimba tena. Hapo kila mpigaji hutoka na lake la papo hapo. Wanafuatana, wanaachana, wanakutana mbele, na hata wao hawajui watatokea wapi. Zamani kipande hicho walikiita "kuingia msituni." Vita vilipokuja wakaacha kusema hivyo. Wakawa wanasema "kwenda kando."

Hazijapigwa "Ongeza Maji" mbili zilizofanana. Wapenzi wa bendi huzirekodi kwa simu, hugawana, halafu hugombana. Kuna wanaosema bora ni ile ya Olumbi, uzi wa gitaa ulipokatika na Ossufo akapiga vizuri zaidi, kama vile uzi huo ndio uliokuwa unamzuia. Kuna wanaosema ni ile ya Quionga, Gildo alipopitiwa na usingizi vidole vyake vikaendelea vyenyewe, na alipoamka akavifuata. Wako ndugu wa tumbo moja walionuniana kwa sababu hiyo.

Kufunga wimbo ni kazi ya mpiga ngoma. Ndiyo sheria ya bendi. Vumi mara tatu, chapuo mara moja, na kila mtu anaacha palepale alipofika. Faizal alikuwa mgumu wa kufunga, akipenda wimbo uende mbali, na zaidi ya hapo hakuweza kuvumilia wimbo ulioachwa wazi. Siku za amani, akichelewa, Ossufo hakwenda kumtafuta. Alianzisha "Ongeza Maji" bila yeye, na Faizal popote alipo akisikia alikuja mbio. Siku ya harusi yake mwenyewe, bendi ilipoanza uani, alimwacha Wahida ameketi kitandani na hina mikononi, akatoka kufunga wimbo, akarudi baadaye sana.

"Kumbe nimeolewa na mume wa ngoma," Wahida alimwambia.

"Ngoma nimezaliwa nayo," Faizal alisema. "Wewe ndiye nimekuoa."

Akamsamehe. Alikuwa msichana, na maneno yalimtosha.

Onyesho la kwanza baada ya kuchukuliwa kwake lilikuwa Mute, sokoni, baada ya sala ya alasiri. Siku hizi maonyesho yote ni alasiri, kwa kuwa jua likizama kuna amri ya kutotoka nje. Lázaro alitaka wamtafute mpiga ngoma mwingine. Ossufo alikataa.

"Mtu akiwa safarini, nyumbani anawekewa fungu lake," alisema. "Haliendi kwa jirani."

"Fungu likikaa sana linachacha, bwana."

"Basi litachacha likiwa lake."

Wahida ndiye aliyeleta ngoma. Yeye hukaanga bajia kwenye maonyesho, na tangu alipoolewa amekuwa akizikaza ngozi za ngoma kwa moto wa jiko lake kabla ya bendi kuanza. Siku hiyo alizikaza kama kawaida, kwa sababu ngozi baridi inatia aibu hata kama hakuna wa kuipiga. Akaziweka mahali pake, akaweka na kibao cha kukalia, akarudi kwenye karai lake la mafuta.

Ossufo aliimba ubeti. Wakaenda kando. Walipofika pale ambapo Faizal huingia, wote watatu walinyamaza, wakaacha nafasi yake.

Ngoma zikaingia. Zilichelewa kidogo. Ngozi zilikuwa zinabonyea pale vidole vinapotua, na kibao kililia kama kinavyolia mtu mzito akikikalia. Mwanamke mmoja aliyekuwa ananunua bajia alisema, "Leo amechelewa kuingia," akapokea chenji yake. Watu wakacheza.

Wahida aliacha bajia ziungue. Alimjua mumewe kwa mkono, kama mtu anavyomjua mwenzake kwa kikohozi gizani. Mkono ulikuwa wake. Aidha alijua kwamba siku hiyo amekula, kwa sababu Faizal mwenye njaa huwa anakimbiza, na huyu hakukimbiza.

Pwani hii mpigaji akikukuna moyo, unakwenda kumtunza. Unabandika noti kwenye paji la uso wake, inashikwa na jasho. Wapenzi walikwenda kumtunza Faizal. Walipapasa hewani juu ya kibao mpaka kiganja kikakuta kichwa, wakabandika, na noti zikakaa pale zilipobandikwa, zikitikisika kwa mdundo. Kisha vumi likalia mara tatu, chapuo mara moja, bendi ikaacha. Noti zikaanguka. Ossufo aliziokota akampelekea Bi Zubaida, kwa kuwa ni za mwanawe.

"Kafunga mapema," Ossufo alisema wakati wanakunja nyaya.

"Atakuwa amechoka," alisema Lázaro. "Shemeji, mumeo hata kupotea anapotea kwa mdundo."

Wahida alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Faizal achukuliwe.

Basi habari za Faizal zikawa zinapatikana hivyo. Wenye jamaa waliopotea wanajua kwamba hiyo ni bahati; wengi wao hawana hata ngoma. Bendi ilipokwenda Olumbi, Wahida na Bi Zubaida walipanda gari pamoja nayo. Huko chapuo halikulia. Msondo na vumi vilipigwa vyema, lakini upande wa kushoto palikuwa kimya, na kila ilipofika zamu ya chapuo palisikika kitu kama kucha inayokwaruza ngozi.

"Mkono wa kushoto," Bi Zubaida alisema.

Alitoa chupa ya mafuta ya nazi kwenye kitambaa chake, akaenda akapiga magoti kando ya kibao mbele ya watu wote, akapapasa mpaka akakipata kiwiko. Aliukanda ule mkono kutoka kiwikoni kwenda kwenye vidole wakati bendi inaendelea. Mafuta hayakumwagika chini. Mwishoni chapuo lilitoa sauti, ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowazoea. Vijana waliokuwa wanarekodi walisema hapo ndipo penyewe, na hadi leo kuna wanaoipenda ya Olumbi ya pili kuliko ile ya uzi uliokatika.

Hata huko alifunga mapema. Ossufo aliona hivyo tena, akasema hivyo tena, na Lázaro akajibu kwamba mtu mwenye mkono mmoja ana haki ya kupumzika.

Onyesho la tatu lilikuwa Quionga. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Walipokwenda kando, Faizal alipiga mvua. Ilikuwa mvua ya kwenye mabati, kwanza matone, kisha yote kwa pamoja, na watu waliokaa wazi waliinua kanga na mikeka vichwani bila kufikiri. Siku hiyo, kwenye wilaya nzima, ilinyesha Palma tu. Baada ya mvua alipiga jenereta. Lilikuwa jenereta linalokwenda vizuri, likakwama, likakohoa, likaenda tena.

Kila aliyewahi kulala Palma analijua jenereta hilo. Ni la kambini, kwa askari. Kikohozi chake kinasikika mji mzima, na kuna watoto waliokulia hapo wasioweza kulala bila kulisikia. Wapenzi wa bendi walitazama chini. Waliokuwa wanarekodi walizima simu, wengine wakafuta kabisa. Noti za siku ile zilikaa chini kuliko zile za Mute. Zilikaa usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, kama vile mpigaji amejikunja.

Asubuhi yake Wahida alikaanga bajia nyingi, akazipanga kwenye bakuli lenye mfuniko, akaenda Palma mpaka lango la kambi. Askari wa langoni alimwambia humu ndani hakuna mpiga ngoma.

"Basi mpe yeyote mwenye mkono mbovu wa kushoto," Wahida alisema.

"Humu hakuna mwenye mkono mbovu."

"Na jenereta?"

"Jenereta lipo, mamá. Hilo unalisikia."

Bajia walipokea. Bakuli halikurudi.

Ndipo ikaja sikukuu ya taifa, na bendi ikaitwa ipige Palma, kwenye uwanja, mbele ya wakubwa. Ossufo hakutaka. Lakini anayekataa kupiga siku ya sikukuu hunyimwa kibali cha siku nyingine, na bila kibali Faizal angekosa pa kuingilia. Wakaenda. Wakubwa walikaa chini ya turubai kwenye viti vyenye mikono. Katikati yao alikuwa komandanti wa kambi, mtu mzima, mpole wa sura, aliyekuwa amekuja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani. Mguu wake ulianza kufuata mdundo kabla ya ubeti kwisha.

Ngoma ziliingia. Zamu hii hazikuchelewa. Mkono wa kushoto ulikuwa unafanya kazi, si kama zamani, lakini unafanya. Bi Zubaida, aliyekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, alitikisa kichwa kama mtu anayekiri kwamba dawa imefaa. Watu wakaenda kutunza. Kila mmoja alipapasa kwanza. Wengine walipapasa sana, kwa sababu kichwa hakikuwepo usawa wa kawaida, wala hakikuwepo usawa wa kifua. Mzee mmoja alikata tamaa akaiweka noti yake juu ya msondo.

Komandanti naye akainuka. Hilo ni jambo la heshima, na watu wakampisha. Alitoa noti mpya, akaenda mpaka kwenye kibao, akainama chini sana, karibu na ukingo wa kibao chenyewe, akaibandika mara moja. Hakupapasa. Aliiweka kama mtu anavyoweka kikombe kwenye meza ya nyumbani kwake. Noti ikashika.

Wahida alikuwa na kijiko cha kuepulia mkononi. Alikiweka chini, akapangusa mikono, akamfuata kabla hajafika kwenye kiti.

"Boa tarde, chefe."

"Boa tarde, mamá. Bajia zako zinanukia mpaka pale."

"Umejuaje kwamba paji lake liko chini vile?"

Komandanti alimtazama bila hasira.

"Wapiga ngoma wote huinama, mamá."

"Wangu hainami. Hukaa wima kama amemeza mwiko. Muulize yeyote hapa."

"Basi amebadilika," komandanti alisema, akaenda kukaa.

Wahida alipita nyuma ya spika mpaka kwa Ossufo, aliyekuwa bado anapiga, akamsemea sikioni.

"Yuko kambini. Huyu mtu anamwona kila siku."

"Tumeshajua, Wahida. Tangu Quionga tumejua."

"Basi usikubali afunge. Fanya kama zamani. Uache wimbo wazi, aje aufunge mwenyewe."

Ossufo alikosea uzi mmoja, jambo ambalo hufanya mara chache.

"Mpiga ngoma ndiye mwenye wimbo. Akifunga, tunafunga. Ndiyo sheria."

"Aliniacha na hina mikononi kwa sababu ya wimbo wenu huu. Leo ataacha nini? Kambi?"

Ossufo alimgeukia Lázaro. Lázaro alikuwa amesikia.

"Tumvute," Lázaro alisema. "Nyie watu wa pwani mnangoja mpaka chakula kipoe."

"Na nyie Wamakonde mnaungua ulimi," Ossufo alisema, lakini alikuwa ameshapandisha gitaa.

Vumi likalia mara tatu, chapuo mara moja. Bendi haikuacha. Mahali ambapo pangekuwa kimya, Lázaro alitembeza besi, Gildo akaifuata, na Ossufo akapita juu yao kama vile hakuna aliyefunga kitu. Ngoma zilinyamaza. Watu waliokwisha kuinua mikono kupiga makofi walibaki nayo juu. Kisha vumi likalia tena mara tatu, kwa haraka, chapuo mara moja. Hawakuacha. Mara ya tatu chapuo lililia kwa nguvu kuliko vumi, na Wahida, aliyemjua mkono, alijua kwamba anaomba. Alidhani anaomba wamngoje, yuko njiani.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aliyekuwa mgumu wa kufunga sasa anafunga mapema kila siku. Baadaye wote walijiuliza, na jibu lilikuwa jepesi. Alipiga pale walinzi walipokuwa kwenye chakula cha alasiri. Alifunga waliporudi.

Faizal aliingia tena, kwa sababu wimbo ulikuwa wazi na yeye hakuumbwa kuuacha. Na alivyopiga sasa hakuna aliyewahi kusikia mtu akipiga hivyo, si yeye wala mwingine. Alianza na jenereta, kikohozi na yote. Juu ya jenereta akaweka mvua. Juu ya mvua akaweka filimbi ya kupandishia bendera, na viatu vinavyokuja kwenye sakafu ya saruji, na funguo. Ossufo alimpigia lile gitaa la siku ya uzi uliokatika. Faizal akalichukua, akalirudisha likiwa na kitu kingine ndani yake. Gildo alifungua mdomo, akaimba ubeti wa "Ongeza Maji" kuanzia mwanzo. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuisikia sauti yake, na ilikuwa nzuri. Waliokuwa wamefuta za Quionga walitoa simu wakarekodi.

Kisha zikaanza kusikika ngoma mbili. Moja ilikuwa pale uwanjani, kwenye ngozi. Nyingine ilitoka upande wa kambi, ikiletwa na upepo, na hiyo haikuwa ngoma. Ilikuwa ndoo ya plastiki. Mapigo yalikwenda pamoja. Watu wote waligeuza vichwa kuelekea kambini, hata wakubwa chini ya turubai, halafu wakubwa wakavirudisha.

"Anakuja," Wahida alimwambia Bi Zubaida.

"Bado yuko mbali," Bi Zubaida alisema.

Komandanti alitoa simu mfukoni. Alizungumza maneno machache, bila kupaza sauti, kidole kimoja kikiwa sikioni kuzuia muziki. Akaiweka simu mapajani. Mguu wake uliendelea kufuata mdundo, na ulikuwa unaufuata vizuri. Ni mtu mwenye sikio.

Ndoo ilinyamaza kwanza. Faizal alikuwa katikati ya pigo, mikono yote miwili inapanda, na kila mpenzi wa bendi uwanjani alijua pale inapopaswa kutua. Haikutua. Noti ya komandanti ilianguka kutoka pale chini ilipokuwa, haikuwa na safari ndefu. Zile nyingine zikaifuata.

Besi ya Lázaro iliendelea kidogo kama mtu aliyekosa ngazi. Ossufo ndiye aliyefunga, kwa gitaa, jambo ambalo si kazi yake, na aliufunga vibaya.

Komandanti alipiga makofi, na waliomzunguka wakapiga. Mshereheshaji aliishukuru bendi kwa kudumisha umoja na amani, akakumbusha kwamba jua linakaribia kuzama na kila mtu awe nyumbani. Wahida aliondoa karai jikoni, akamwaga makaa, akazibeba ngoma kwenye gari moja baada ya nyingine. Zilikuwa bado na joto.

Onyesho lililofuata, Mute, waliacha nafasi yake kama kawaida. Wakangoja mpaka watoto wakaanza kutupiana mchanga. Bi Zubaida alikwenda na noti, akapapasa juu ya kibao, akapapasa pembeni, akapapasa chini mpaka udongoni. Akarudi kukaa na noti yake.

Kesho yake Wahida na Bi Zubaida walikwenda msikitini kwa Mwalimu Chamsudine. Wahida alitaka kujua kama akae eda. Mwalimu alisema kifo kinataka mwili au mashahidi, na mwili haupo.

"Mashahidi wapo," Wahida alisema.

Mwalimu alitoka barazani, akawauliza watu waliokuwepo nani alisikia siku ile Palma. Waliosikia kwa masikio yao walinyoosha mikono, na waliosikia kwenye simu wakanyoosha pia, lakini hao aliwaambia washushe. Waliobaki walitosha. Basi wakaswali sala ya maiti asiyekuwepo, na Wahida akakaa eda nyumbani kwa Bi Zubaida, na wanawake wakaja na unga na sukari kama inavyotakiwa.

Ofisini, huko Olumbi, walisema hawawezi kuandika kifo cha mtu aliyekwenda na watu wa msituni, maana watu wa msituni wako hai na wanasumbua. Karani alikuwa yuleyule. Alimwambia Bi Zubaida pole. Alisema naye ameisikia ile ya Palma, mtoto wake anayo kwenye simu, na kwamba kwa kweli, tuseme ukweli mama, haijapata kupigwa kama ile.

Hilo sasa hakuna anayelibishia. Ugomvi wa Olumbi na Quionga umekwisha, na ndugu walionuniana wanasalimiana. Ya Palma ndiyo bora. Inapigwa harusini, inapigwa kwenye pikipiki za abiria, na vijana wanakijua kile kipande cha mwisho kwa vidole, wanakipiga kwenye meza wakingoja chai, wakifika pale wanainua mikono, wanaiacha juu, wanacheka. Wahida akiisikia inakuja barabarani anaingia ndani mpaka ipite. Yeye na Ossufo hawajazungumza habari ya kuacha wimbo wazi. Wakikutana wanaulizana afya.

Komandanti yuko palepale. Huwatuma askari wake kununua bajia, na wanalipa.

Gharama ya ile ya Palma ilikuwa hii. Kadi ya chakula cha msaada, mchele, maharage na mafuta, ilichukuliwa, kwa kuwa familia za watu wa msituni hazipewi. Lázaro amerudi uwandani kulima na ameiuza besi. Gildo aliimba mara moja na hajaimba tena, wala hapigi. Bi Zubaida alikuwa na mtoto mmoja, sasa hana. Wahida ni mjane mitaani, na kwenye makaratasi ni mke wa adui. Na Faizal mwenyewe, umri wa miaka thelathini na minne.